Mteja wa Alhamisi

Kwa miaka kumi na moja, kila Alhamisi saa nane mchana, dobi mmoja alizima pasi, akafunga chumba chake cha kazi, akavaa viatu vyake vya kutokea na kwenda chuoni kudanganya.

Amewahi kufukuzwa kazi ya upishi. Amewahi kunyang'anywa watoto. Amewahi kuuziwa kiwanja chenye mwenyewe. Mwaka mmoja alikuwa mwizi wa mabati, na aliumudu wizi huo hata msichana aliyepangiwa kumtetea akaomba abadilishiwe mteja.

Haya yote yalitokea kwenye kiti kimoja cha mbao, katika kliniki ya sheria ya chuo. Kliniki yenyewe ni vyumba viwili na varanda nyuma ya maktaba. Humo wanafunzi wa sheria hujifunza kazi kwa kuifanya: wanawasikiliza watu wasio na uwezo wa kuweka wakili, wanawaandikia barua na kuwasindikiza barazani. Jumanne ni siku ya wateja wa kweli, na mafaili yao ni ya kijani. Alhamisi ilikuwa siku ya wateja wa mazoezi, na mafaili yao yalikuwa ya njano. Dobi alikuwa mteja wa Alhamisi. Wanafunzi walimwita Mama Mteja, na jina likamganda.

Aliingia kazini kwa ajili ya tundu. Alikuwa akipiga pasi majoho ya mahafali, na mhadhiri mmoja akarudisha lake akidai ameliunguza mkono kwa pasi. Dobi alilitandaza joho juu ya meza.

"Pasi ikiunguza, mwalimu, inaacha umbo la pasi," alisema. "Hili tundu ni la mviringo, dogo kama kidole. Unavuta sigara gani?"

Nyuma yao alikuwa amesimama mwalimu wa kliniki, wakili mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, naye amekuja kuchukua joho lake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamuuliza dobi kama angependa kuwa mteja.

"Mteja wa nini?"

"Wa uongo."

"Uongo naujua kuusikia. Kuusema sijui."

"Utajifunza. Wenzio wanausomea."

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila wiki alimpa dobi ukurasa mmoja wenye kisa, na kitu kimoja cha kuficha mkobani: barua, risiti, picha, wakati mwingine ufunguo tu. Ndicho kilichobeba kesi nzima. Dobi hakuruhusiwa kukitoa mpaka mwanafunzi amuulize ana nini mkobani. Wengi hawakuuliza. Walimuuliza umri, mahali alipozaliwa, idadi ya watoto, wakajaza fomu kwa mwandiko mzuri, na mkoba ukabaki mapajani mwake kama paka aliyelala.

Mmoja wa hao hakumtoka akilini. Alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, aliyevaa tai wakati wenzake wote wamekunja mikono ya mashati kwa joto. Aliongea kuhusu sheria nusu saa nzima, na muda ukaisha kabla mteja hajafika kwenye shida yake. Siku hiyo mkobani mlikuwa na mkataba uliosainiwa pande zote mbili.

"Yule amejisikiliza mwenyewe," dobi alimwambia mwalimu. "Mimi nilikuwa pale kumshikia mkoba."

*

Karatasi ya kweli ilikuja siku ya Jumatano, mkononi mwa tarishi wa baraza la nyumba. Dobi alikuwa na shati la mtu juu ya meza. Hakuliacha. Alimaliza mkono wa kushoto, akasimamisha pasi, ndipo akasoma.

Mwenye nyumba alikuwa amefungua shauri. Alidai kwamba alimpangisha nyumba ya kuishi, na mpangaji akaigeuza kwa siri kuwa duka la udobi. Kwamba yeye mwenye nyumba aligundua jambo hilo miezi miwili tu iliyopita. Na kwamba kwa kuwa mkataba umevunjwa, mpangaji atoke mara moja. Sheria ya pale ilimtaka mwenye nyumba atoe notisi ya mwaka mzima akitaka nyumba yake, isipokuwa mpangaji amevunja mkataba. Hapo haitakiwi notisi hata ya siku moja. Mpangaji alipewa siku kumi na nne za kujibu kwa maandishi. Asipojibu, baraza lingeamua bila yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele cha pasi, cha katikati cha kulala, cha nyuma cha mama yake, ambaye miguu ilikuwa imegoma lakini vidole bado. Walikuwa humo miaka kumi na minne. Kamba za kuanikia nguo alizifunga mwenyewe, na mama yake aliijua njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni kwa kushika vitu vinane, kimoja baada ya kingine, bila kumwita mtu. Mahali pengine pasingekuwa na vitu vile vinane.

"Wanasema tutoke," dobi alimwambia.

"Nani wanasema?"

"Mwenye nyumba. Anasema hakujua mimi ni dobi."

Mama yake alikuwa ameshika sindano. Kazi yake katika udobi ule ilikuwa kushona nyuzi. Kila mteja alikuwa na nyuzi zake, ndani ya kola au ndani ya ukanda wa suruali, ili nguo zisichanganyike: huyu kijani mara tatu, yule buluu na nyeupe. Nyuzi zenyewe ni fupi kuliko punje ya mchele, na mvaaji hazioni.

"Hakujua," mama yake alirudia. Akakata uzi kwa meno. "Mwekundu mara mbili, mweusi mara moja. Nilimpa mwekundu mara mbili kwa sababu ya ule mdomo wake. Miaka tisa namshonea, leo hajui."

*

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Dobi hakungoja Jumanne, maana siku kumi na nne alikuwa ameigiza mara nyingi mno asijue zinavyokwisha. Alikwenda saa nane kama kawaida yake. Mwalimu wa kliniki alikuwa amesafiri kikazi. Kwenye meza alikuwapo mwanafunzi wa mwaka wa nne, msichana mwenye miwani mikubwa inayoteleza puani, ambaye wenzake walimwita Miwani na yeye mwenyewe akaitika.

"Mwanangu, leo si mchezo," dobi alisema kabla hajakaa. "Leo ni mimi."

Miwani alitabasamu kwa adabu. Kila mteja wa Alhamisi husema hivyo. Mwalimu ndiye anayewafundisha waseme.

Kwa haki yafaa isemwe kwamba alimsikiliza vizuri. Aliweka kalamu chini. Hakumkatiza. Alimwacha anyamaze alipotaka kunyamaza. Na mwishoni akauliza swali ambalo nusu ya mawakili wa mji huo hawakuwahi kuliuliza.

"Mama, mkobani una nini?"

Dobi akatoa ile karatasi ya baraza. Miwani akaigeuza, akaipeleka dirishani, akaukagua muhuri.

"Mwaka huu mmejitahidi," alisema kwa mshangao wa kweli. "Mmetengeneza hadi muhuri."

Dobi alidhani msichana anamtania ili kumpoza moyo, kama daktari anavyomtania mgonjwa. Akajibu maswali yaliyobaki, akaambiwa ataitwa, akaenda zake. Miwani akaandika ripoti ya kurasa nne, akaambatisha nakala ya wito na rasimu safi kabisa ya majibu, akaitia kwenye faili. Faili la njano.

Alhamisi iliyofuata kliniki ilifungwa kwa mitihani. Dobi alihesabu siku kwa vidole vyenye malengelenge ya mvuke. Jumatatu, siku ya kumi na mbili, alizima pasi asubuhi na kwenda chuoni bila kuitwa.

Miwani alimwona kutoka varandani, akamkimbilia.

"Mama Mteja, umeniinua. Nimepata maksi sabini na nane kwa ile kesi yako. Ya juu kuliko wote."

"Umeipeleka?"

"Kwa mwalimu msaidizi, anayesahihisha? Wiki iliyopita."

"Kwa baraza."

Msichana aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Kisha akaacha. Miwani yake ikateleza na hakuisukuma.

"Ile ilikuwa ya kweli," alisema.

"Nilikwambia."

"Wote husema."

"Najua. Nasema hivyo tangu uko shule ya msingi."

Hakuna aliyeinua sauti. Mwalimu aliyekuwa amerudi siku hiyohiyo alitoka chumbani, akasikia maneno matatu, akalivuta faili la njano kutoka kabatini na kulisoma akiwa amesimama. Alipomaliza, alikaa kwenye kiti cha mteja, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutokuamini siku ya Alhamisi. Nitaichukua kesi mwenyewe."

"Hapana," alisema dobi.

"Zimebaki siku mbili."

"Najua kuhesabu. Huyu ndiye aliyenisikiliza. Alinisikiliza vizuri, kasoro kuniamini. Hizo sabini na nane amezipata kwa nyumba yangu, basi sasa azitolee jasho. Wewe kaa karibu naye asianguke."

Miwani akaisukuma miwani yake puani, akachukua kalamu.

Mchana wake akafika mkuu wa kitivo, mtu mnadhifu aliyependa mambo yaishe kabla ya chai. Alikuwa amechapisha karatasi ya aya mbili. Ilisema kwamba mama huyu alifika kliniki kwa shughuli za mazoezi pekee, na kwamba kliniki haikuwahi kupokea shauri lake. Chini palikuwa na nukta za kutilia saini.

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, mama," alisema. "Shauri lako tutalipatia ofisi nyingine nzuri. Unajua wakili wa upande wa pili ni nani? Alisoma hapa. Akijua tumelitia kwenye faili la mazoezi, kliniki itakuwa kichekesho cha mji."

Dobi aliisoma karatasi yote. Akaisoma tena, polepole, kama wanafunzi walivyofundishwa mbele yake.

"Kwenye meza hii nimetia saini karatasi za uongo miaka kumi na moja," alisema. "Zile kila mtu alijua ni za mazoezi. Hii unataka niitie saini ya kweli."

"Mama, usilichukulie hivyo."

"Nilichukulieje? Mnafundisha watoto kwamba mteja asitie saini asichokubali. Nimewasikia. Nilikuwa nimekaa hapa."

Akairudisha karatasi mezani, ikiwa imekunjwa mara mbili kwa mikunjo iliyonyooka, kama leso. Mkuu alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa akisoma faili, au akijifanya kusoma.

Majibu yaliingia masijala ya baraza siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi, katika jalada la kijani. Karani aliyagonga muhuri. Miwani aliomba auone ule muhuri kwa karibu, na karani akamuuliza kama ni mgonjwa.

*

Chumba cha baraza kilikuwa na mabenchi manne, feni moja na meza ya mwenyekiti iliyoinuliwa kwa ubao. Mwanafunzi wa mwaka wa nne mwenye kibali aliruhusiwa kusema, mradi mwalimu wake akae pembeni. Dobi alikaa mbele, mkoba mapajani. Mama yake alikuwa nyumbani. Alikuwa ameuliza tu mwenye nyumba angevaa nini, na alipoambiwa hakuna ajuaye, akasema, "Shati atavaa. Hatakwenda kifua wazi."

Wakili wa mwenye nyumba aliingia na tai ya kijivu. Dobi alimtambua kabla hajaweka mafaili chini. Alinenepa kidogo. Yeye naye alimtambua, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

Mwenye nyumba alitangulia kutoa ushahidi. Alisema aliyokuwa ameyaandika. Miwani alisimama kumuuliza. Akaweka karatasi chini, akashika meza.

"Mzee, udobi uliujua lini?"

"Miezi miwili iliyopita. Kabla ya hapo hata kwa fununu sikujua."

"Hukuwahi kupeleka nguo zako pale?"

"Kamwe."

"Hata moja?"

"Binti, nguo zangu hufuliwa nyumbani na mke wangu. Tangu tuoane."

Miwani akakaa. Wakili wa tai alimtazama kwa huruma ya kaka mkubwa. Alidhani msichana ameishiwa.

Kisha ikawa zamu ya dobi. Alieleza kwa dakika chache, bila kupamba. Wakili akainuka, akaiweka tai yake sawa.

"Mama, nje ya udobi una kazi nyingine?"

"Ninayo. Unaijua."

"Liambie baraza."

"Naigiza mteja chuoni, wanafunzi wajifunze."

"Unalipwa posho kwa kuigiza?"

"Nalipwa."

"Umewahi kukaa mbele ya wanafunzi ukisema umefukuzwa kwenye nyumba?"

"Mara nne."

"Ulilia?"

"Mara tatu. Mara ya nne nilikuwa na mafua."

Benchi la nyuma likacheka. Mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ndogo, aliinua macho tu, wakanyamaza.

"Machozi ya kweli?"

"Machozi yalikuwa maji. Kisa ndicho nilichopewa."

"Kwa hiyo," alisema wakili, akiligeukia benchi lote kana kwamba ndilo litakaloamua, "tunaye hapa mama ambaye kwa miaka kumi na moja amefanya kazi ya kuwaaminisha watu wa sheria mambo ambayo hayakutokea. Kwa ustadi. Mimi mwenyewe aliniaminisha. Baraza hili litajuaje kwamba leo si Alhamisi nyingine?"

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwatoka. Dobi aliliona hilo kwenye kalamu ya mwenyekiti, iliyokuwa imesimama. Vitu vinane vya mama yake vilimpita machoni, kitanda, kiti, ndoo, ukingo wa kabati. Akapiga moyo konde.

"Angalia uso wangu, wakili," alisema. "Unaona tone? Nimeitwa mwongo mbele ya watu na nyumba yangu iko mezani kwenu, na sijalia. Ningekuja kuigiza ningekuwa nimeshalowesha hilo benchi. Mimi nikiigiza, nalia. Ya kweli naisimamia."

Wakili alisema hana swali jingine. Alikaa akiwa bado ameridhika.

Miwani akasimama tena. Safari hii hakushika meza.

"Mama, mkobani una nini?"

Mwalimu wa kliniki aliinamisha kichwa, akaitazama sakafu.

Dobi akafungua mkoba, akatoa shati la buluu, limepigwa pasi na kukunjwa. Alieleza kwamba liliachwa kwake miezi miwili iliyopita na halijafuatwa. Akageuza kola, akamwonyesha mwenyekiti nyuzi tatu: mwekundu, mwekundu, mweusi. Akaeleza kazi ya mama yake, kwamba kila mteja ana nyuzi zake na hakuna wawili walio sawa.

Wakili alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, shati linaweza kuwa la mtu yeyote. Na nyuzi zinaweza kushonwa hata jana jioni. Huyu mama, kama tulivyosikia, ni fundi wa—"

Hakumaliza, kwa sababu mwenyekiti hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, aliyevaa shati jeupe lililonyooka vizuri, alikuwa ameupeleka mkono shingoni, polepole, na vidole viwili vimeingia ndani ya kola vikipapasa.

"Mzee," mwenyekiti alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Umepata nini?"

Mzee aliutoa mkono kama aliyegusa pasi.

"Karani, msaidie kugeuza kola."

Karani akageuza. Akainama. Akanyoosha mgongo.

"Mwekundu, Mheshimiwa. Mwekundu tena. Na mweusi. Zimefifia."

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata, nao ulichukua dakika sita. Mwenye nyumba aliujua udobi na kuutumia kwa miaka. Hakuwa na haki ya kuugeuza kuwa kosa siku aliyotaka nyumba. Shauri likatupwa. Akitaka nyumba yake, atoe notisi ya mwaka mzima kama watu wengine. Anaweza kuitoa, na huenda ataitoa. Dobi anajua hilo. Amekwishamwambia mama yake, na mama yake akajibu kwamba mwaka ni mrefu, na kwamba shati la buluu bado halijafuatwa.

Nje ya baraza wakili alimngojea ngazini. Alikuwa amelegeza tai.

"Mama Mteja. Ulikuwa nalo shati muda wote nilipokuwa nakuuliza?"

"Mapajani."

"Na hukusema."

"Hukuuliza. Hata mwaka wa tatu hukuuliza."

*

Kliniki haina tena mafaili ya njano. Mwalimu aliyatoa yote kabatini na kuyapeleka stoo, na mkuu wa kitivo alipouliza wanafunzi watajuaje lipi ni zoezi na lipi ni kesi, aliambiwa kwamba hawatajua mpaka mwisho wa mwezi, wakati wa kusahihishwa, na mpaka hapo kila moja watalishughulikia kama kesi. Alisema utaratibu huo una hatari. Mwalimu alikubaliana naye, na hakubadilisha kitu. Maksi sabini na nane zilikatwa kwa mstari mmoja. Miwani hakuomba ziandikwe nyingine.

Dobi bado anakwenda Alhamisi. Wiki mbili baada ya uamuzi alikaa kwenye kiti kilekile, mbele ya kijana mpya aliyekuwa amesikia habari zote na sasa amejaa hofu. Kijana alimtazama, akautazama mkoba, akamtazama tena.

"Samahani, Mama Mteja," alinong'ona. "Hii ya leo ni ya kweli au ya mazoezi?"

Dobi aliuweka mkoba vizuri mapajani, akakunja mikono juu yake.

"Hilo," alisema, "sitakujibu. Niulize mengine."